Maswali na Majibu: Kuandaa Kipindi cha Hadithi za Wanyama Maktabani

Marudio kwa wanachuo wa ukutubi na ualimu wa elimu ya awali

Soma swali, funika jibu, jibu kwa kalamu, kisha linganisha. Majibu mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Mengine ni marefu kwa kuwa hapo ndipo wanachuo hupoteza alama, na ndipo watoto huchoka wakiwa mbele ya mkutubi aliyejiandaa nusunusu.

Swali la 1. Kipindi cha hadithi maktabani ni nini? Kinatofautianaje na somo la darasani?

Ni muda uliopangwa ambapo mkutubi, au mgeni aliyemwalika, husimulia au kusoma hadithi mbele ya kundi la watoto na kuwashirikisha kwa maswali, nyimbo na vitendo, ili wapende vitabu na wajue pa kuvipata.

Darasani mwalimu ana muhtasari wa kumaliza na mtihani wa kupimia. Maktabani hakuna anayefeli. Mtoto aliyekaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, macho yake yako kwenye picha, naye ameshiriki. Ukijibu kwamba lengo ni "kufundisha kusoma" utapata nusu ya alama. Lengo la kwanza ni mtoto atake kurudi, na akirudi ashike kitabu mwenyewe.

Swali la 2. Toa sababu za kutumia wanyama katika vipindi vya watoto wadogo.

"Watoto wanapenda wanyama" ni jibu la kukariri. Ni kweli, lakini mtahini anataka kujua kwa nini.

Kwanza, wahusika hawa mtoto anawafahamu kabla hajaijua herufi hata moja. Bibi amekwisha kumsimulia habari za Sungura na Fisi, kwa hiyo anapofungua kitabu anakutana na watu wake. Pili, mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hawezi kupanga sentensi ndefu anaweza kunguruma kama simba au kutambaa kama kobe, na hapo amekwisha kuingia ndani ya hadithi. Tatu, mnyama hubeba tabia ya binadamu bila kumtaja mtu. Uchoyo wa Fisi huzungumzwa mbele ya mtoto mchoyo asiaibike, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayeulaani kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Nne, msamiati. Mbwa hubweka, jogoo huwika, tetea hutetea, nyuki huvuma, simba hunguruma. Mtoto aliyezoea kusema kwamba kila mnyama "analia" anaondoka na vitenzi vitano vipya, na hakuna aliyemkalisha kuvikariri.

Swali la 3. Tofautisha hurafa, usuli na hekaya.

Hurafa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama wanaosema na kutenda kama binadamu. Usuli hueleza chanzo cha jambo, kwa mfano kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Hekaya hujengwa juu ya mhusika anayewalaghai wenzake kwa ujanja. Ngano moja huweza kuingia katika mafungu mawili: visa vingi vya Sungura ni hurafa na ni hekaya pia. Litaje hilo, usilazimishe mipaka.

Swali la 4. Utachaguaje mnyama wa kipindi? Fafanua kwa mifano.

Chagua mnyama mmoja, au wawili wanaohusiana katika kisa kimoja. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika karatasi hii. Maandalizi mengi huanguka hapa: mkutubi anaandika "Mada: Wanyama", anapachika ukutani picha ishirini, anataja majina yote, watoto wanayaitikia kwa pamoja, na dakika arobaini zinakwisha bila mtoto yeyote kumjua hata mnyama mmoja. Orodha ya majina si hadithi. Mtoto anayekaa na Kobe kwa dakika arobaini, akamsikia, akamtengeneza, akamwona kwenye kurasa za vitabu vitatu, ataondoka na Kobe wake.

Kisha tazama watoto wanatoka wapi. Mtoto wa Kariakoo huenda hajawahi kumwona tembo, ila kunguru, paka, mjusi na panya anawajua vizuri, na kitabu cha mjusi kitamgusa upesi zaidi. Unguja kuna kima punju, ambaye kiasili hapatikani mahali pengine popote duniani, na kisiwani Changuu wako kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli. Huko kuanza na dubu wa kwenye theluji ni kuacha hazina mlangoni. Garissa, anza na ngamia. Mnyama wa mbali ana nafasi yake, lakini aje baada ya wa karibu, ili mtoto apate cha kumlinganisha naye.

Tatu, pima hisia za nyumbani. Bundi kwa familia nyingi ni uchuro. Nyoka huogopwa kwa haki kabisa. Nguruwe na mbwa, katika mitaa yenye Waislamu wengi, vitabu vyao vinaweza kusomwa bila tatizo, lakini kumvika mtoto kinyago cha nguruwe, au kumleta mbwa ndani amlambe, kutawaudhi wazazi waliokuamini na watoto wao. Uliza kabla. Mzazi aliyeulizwa huleta na watoto wa jirani.

Swali la 5. Eleza maandalizi unayofanya kabla ya siku ya kipindi.

Soma kitabu kwa sauti nyumbani mpaka uweze kuinua macho na kuwatazama watoto bila kupotea mstari. Hakiki picha: simama mwisho wa chumba, mtu akufungulie kitabu mbele, uone kama mnyama anatambulika. Kama haonekani, chora upya kwenye karatasi ya manila, au simulia kwa mdomo na kitabu ukioneshe mwishoni.

Panga vikao kwa nusu duara juu ya jamvi au mkeka. Wewe usikae ukiwa umelipa dirisha mgongo, maana watoto watapigwa na mwanga machoni na picha itageuka giza. Mlango uwe nyuma yao, ili anayechelewa aingie bila kuwatoa wenzake hadithini.

Andaa rafu ndogo au meza yenye vitabu vya mnyama huyo, vikiwa vimesimama, majalada yakitazama watoto. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kuchagua kitabu kwa mgongo wake. Jambo hili halina gharama na watu hulisahau kila mara.

Swali la 6. Andaa mpango wa kipindi cha dakika 40 kwa watoto wa miaka 5 na 6 kwa kutumia hurafa moja ya Kiswahili.

Nimechagua kisa cha Kima na Papa. Ni kisa cha zamani katika pwani yetu. Edward Steere alikiandika kutoka vinywani mwa watu wa Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili. Katika Panchatantra ya Wahindi kimo kisa kama hicho, ila huko ni nyani na mamba. Hadithi nayo imesafiri Bahari ya Hindi, na watoto wakubwa kidogo hupenda kuambiwa hivyo mbele ya ramani.

Kwa kifupi: Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamrushia Papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni. Katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao huiacha mioyo yao mitini wanaposafiri, basi warudi wakauchukue. Akifika pwani anapanda juu ya mti na hashuki tena.

Dakika 5, kukaribisha. Wimbo mfupi wenye vitendo, kisha mwito: "Paukwa!" nao waitikie "Pakawa!" Au "Hadithi hadithi!" nao "Hadithi njoo!" Tumia ule waliouzoea kwao. Mwito unakusanya masikio kuliko kusema "nyamazeni" mara kumi.

Dakika 12, hadithi. Boksi la kadibodi lililochorwa matawi ndilo mkuyu. Kanga ya buluu inayoshikwa na watoto wawili ndiyo bahari. Waambie waitikise polepole Papa anapokuja, na kwa nguvu safari inapoanza. Papa ni soksi ya kijivu mkononi mwako, vifungo viwili vya shati vikiwa macho. Kuyu ni vipira vya karatasi, na watoto ndio wanaomrushia Papa. Hapa hurusha kwa bidii sana, hivyo toa vipira vichache na visanduku viwili vya kuvikusanyia.

Papa anapotamka habari ya moyo, simamisha bahari. Nyamaza. Uliza: "Kima afanye nini sasa?" Kisha usiseme neno. Hesabu moyoni mpaka tano. Kimya hicho ndicho kigumu kuliko yote kwa mkutubi mpya, naye hukivunja kwa kutoa jibu mwenyewe. Ukivumilia, mmoja atasema aruke, mwingine atamkumbusha kwamba kima atazama, wa tatu atasema amng'ate Papa. Watoto wanafikiri kwa lugha, na hiyo ndiyo kazi uliyowaitia. Yapokee majibu yote, halafu uwape la Kima.

Dakika 8, mazungumzo. Swali la 7 linaeleza namna yake.

Dakika 10, kazi ya mikono. Kila mtoto anakata moyo wa karatasi nyekundu, au anakatiwa kama bado hajazoea mkasi, na kuutundika juu ya mkuyu wa boksi huku akitaja kitu kimoja ambacho hataki kukiacha akisafiri. Mwenye karatasi chache atumie majani makavu. Ikiwa mnyama wako ni Kobe, kifuu cha nazi ni gamba zuri kuliko chochote utakachonunua dukani, mradi kingo zake zimesuguliwa zisikwaruze.

Dakika 5, vitabu. Watoto wanakwenda mezani, wanachagua, wanafungua. Wewe tembea kati yao. Usikipunguze kipande hiki hata kama kazi ya mikono imechelewa; kata mkasi, usikate vitabu.

Tahadhari ya kuandika katika jibu lako: kisa cha kutolewa moyo hakifai kwa watoto wa chini ya miaka minne. Wao wape hadithi ya kurudiarudia, kama kuku anayemtafuta kifaranga kwa kila jirani, kwa dakika 20 kwa jumla.

Swali la 7. Usomaji wa mazungumzo ni nini? Onesha hatua zake.

Ni usomaji ambao mtoto hatua kwa hatua anakuwa msimulizi na mtu mzima anakuwa msikilizaji anayeuliza. Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya njia hii mwaka 1988. Hatua zake ni nne: mchokoze mtoto kwa swali, lipime jibu lake, lipanue, kisha mwombe alirudie likiwa limepanuliwa.

Mkutubi: "Papa anafanya nini hapa?"
Mtoto: "Anakula."
Mkutubi: "Eeh, anakula kuyu anazorushiwa na Kima. Hebu tuseme pamoja."

Swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana lina thamani ndogo. Uliza nini, vipi, kwa nini, na "wewe je?" Jihadhari pia na ule mtindo wa kuacha neno la mwisho ili watoto wote walimalizie kwa pamoja. Unachangamsha, lakini ukiutumia mwanzo hadi mwisho hutajua nani ameelewa na nani anafuata sauti ya jirani yake.

Swali la 8. Kipindi cha wanyama kinasaidiaje upatanisho wa kisarufi?

Majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata pale umbo la jina linapofanana na ngeli nyingine: kiboko anaogelea, vifaru wamekuja, kipepeo huyu, samaki hawa. Mtoto ambaye nyumbani huzungumza lugha nyingine atasema "kiboko kile kinaogelea". Usimkatize. Mjibu kwa umbo sahihi ndani ya mazungumzo: "Kweli, kiboko yule anaogelea!" na uendelee. Akilisikia mara nyingi ndani ya hadithi atalishika.

Swali la 9. Hadithi humwonesha Fisi kuwa mlafi mjinga. Mkutubi afanye nini kuhusu ukweli wa kisayansi?

Asiiharibu hadithi kwa kuirekebisha katikati. Fisi wa hadithi aachwe na ulafi wake mpaka mwisho, kisha kifunguliwe kitabu cha pili, cha maarifa, chini ya swali "Je, ni kweli?" Fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kundi lake huongozwa na majike. Watoto hustaajabu, hasa wasichana.

Mifano mingine ya kuweka akiba: shingo ya twiga ina mifupa saba kama shingo ya mtu, ila yake ni mirefu mno. Popo si ndege. Huzaa na kunyonyesha. Duma ana mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni, chui hana. Bundi hula panya, kwa hiyo humsaidia mkulima, na hapo unaweza kuzungumza juu ya bundi kwa upole bila kubishana na bibi wa mtu.

Kuweka vitabu viwili bega kwa bega, cha kubuni na cha maarifa, kunamfundisha mtoto kwamba vitabu vina kazi tofauti. Mtahini huliangalia sana hili, na ni sahihi afanye hivyo.

Swali la 10. Je, inafaa kuleta mnyama hai au sehemu ya mnyama?

Mnyama wa kufugwa aliye mtulivu, kama sungura wa kufugwa au kifaranga, anaweza kuletwa kwa muda mfupi, akiwa na mwenyewe, na watoto wakanawa mikono kwa maji na sabuni mara tu baada ya kumgusa. Kuku na ndege wengine hubeba vijidudu vya kuharisha hata wakionekana wazima. Mbwa au paka asiye na chanjo ya kichaa asiingie kabisa.

Mnyamapori hapana. Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki wanyamapori au nyara bila kibali, na nyara ni pamoja na ngozi, meno, pembe na magamba. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013. Kipande cha ngozi ya chui alichorithi babu kisiletwe maktabani hata kwa nia njema. Kifuu na soksi vinatosha.

Swali la 11. Utafanyaje (a) likija darasa zima la watoto 60, (b) mtoto akiogopa, (c) akiwamo mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri?

(a) Ligawe mara mbili. Nusu ipate hadithi, nusu ikae mezani na mwalimu wao wakifungua vitabu, kisha wabadilishane. Hutamaliza shughuli zote. Acha kazi ya mikono, bakiza hadithi na vitabu.

(b) Vinyago ndivyo huwatisha zaidi wenye miaka mitatu. Jivike mbele yao, uso wako ukionekana kabla na baada, au kishike mkononi tu. Anayelia akae na mzazi wake mlangoni, asilazimishwe kuja mbele na asichekwe.

(c) Asiyesikia akae mbele aone uso na mikono yako, na umjue mkalimani wa lugha ya alama aliye karibu kabla ya siku yenyewe. Asiyeona vizuri apewe vitu vya kugusa: manyoya ya kuku, kifuu, kamba ya katani kama singa za simba. Wape na wengine vilevile, ili asiwe peke yake.

Swali la 12. Maktaba yako ina vitabu vichache vya watoto. Utafanyaje?

Masimulizi ya mdomo hayahitaji nakala. Mwalike mzee wa mtaa anayejua ngano, umrekodi kwa ridhaa yake, watoto wachore picha, nanyi mshone kitabu cha maktaba. Mtandaoni, mkusanyiko wa African Storybook ulioanzia Afrika Kusini unatoa bure hadithi za picha, za Kiswahili zikiwamo, na unaruhusu kuzichapa. Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu 1991, ambao umewezesha vitabu vingi vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni.

Kumbuka pia kwamba huduma inaweza kumfuata mtoto. Shirika la maktaba la Kenya lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu Garissa kwa ngamia, kwa ajili ya jamii za wafugaji wanaohamahama. Ukitoa mfano huu, eleza sababu yake: njia ni za mchanga, familia huhama, na mnyama huyo tayari ndiye usafiri wa watu wa huko.

Swali la 13. Utapimaje mafanikio ya kipindi? Toa mfano wa taarifa fupi.

Idadi ya waliohudhuria ni lazima, lakini haitoshi. Tazama vitabu vilivyofunguliwa na vilivyoazimwa, maswali waliyouliza watoto wenyewe, na kama kuna aliyesimulia upya kisa kwa mwenzake. Mfano:

"Kipindi: Kima na Papa. Umri: miaka 5–6. Waliohudhuria: 18, wazazi 4. Vitabu vilivyoazimwa: 7. Hadithi ilikwenda kwa dakika 15 badala ya 12 kwa sababu ya majibu mengi katikati ya bahari. Kazi ya mikono ikapunguzwa. Watoto wawili walisimulia upya wakitumia soksi. Mmoja aliuliza papa hulala wapi. Hatuna kitabu cha maarifa juu ya papa, kiagizwe. Mkeka mmoja uongezwe, waliokaa sakafuni upande wa kushoto hawakuona picha."

Taarifa hii inapata alama nzuri kwa kuwa inataja kilichopungua na hatua ya kuchukua. Hesabu ya vitabu vilivyoazimwa iandikwe siku hiyohiyo, kabla meza haijapangwa upya.